Jina la Hervé Katika Wimbo wa Adrienne

Kwa miaka mingi Adrienne alikuwa sauti ya pili katika bendi moja ya Likasi: yule dada mrefu aliyesimama karibu na ngoma, ambaye watu walilikumbuka tabasamu lake kuliko jina lake. Nyimbo nyingi za bendi alizitunga yeye, akifua nguo uani kwao. Zilipofika mazoezini, wengine waliziimba. Hakulalamika. Lakini bendi ilipoamua kuhamia Kolwezi, yeye alisema atabaki aimbe peke yake, kwa lile gitari alilojifunzia shuleni Mulungwishi.

Hervé, mpiga gitari wa bendi, alicheka hadi akakaa chini.

“Yaya Adri, dada yangu, weye peke yako? Wimbo yako yote inasimamaka pa katikati, inaningojea minye!”

Alisema kweli, na ndiyo maana iliuma. Mtindo wa kwetu unajulikana: maneno yakiisha, mwimbaji humwita mpiga gitari kwa jina, naye huingia na sebene, kile kipande cha gitari tupu cha kuchezea, na hapo ndipo watu huacha viti. Nyimbo zote za Adrienne zilijengwa hivyo: nusu yake, nusu ya Hervé.

“Tufanye hivi,” akasema Hervé. “Ukimaliza wimbo moja bila kuniita, nitakubebea gitari mupaka kwenu, bantu bote banaona. Ukiniita, unapanda gari na siye, unarudia pa nafasi yako, pa nyuma.”

“Anza kula muzuri, gitari iko nzito.”

Jumapili, baada ya misa, watu wakajaa uani mwa parokia. Mama Marceline, muuza karanga, alikaa mstari wa mbele na beseni lake magotini. Adrienne akaimba juu ya baba yake, aliyekuwa akirudi kutoka machimbo ya Kambove amefunikwa vumbi hata watoto wakamtambua kwa mluzi wake tu. Kisha maneno yakaisha, na mdomo, kwa mazoea ya miaka, ukaitangulia akili. Adrienne akageuka nyuma:

“Hervé, ingia!”

Nyuma yake palikuwa na ukuta na benchi lililovunjika.

“Minye niko huku, nakula karanga!” sauti ikajibu kutoka mwisho wa ua.

Watu wakaangua kicheko. Adrienne akaacha kupiga. Alijiona tayari ndani ya gari la Kolwezi. Lakini Mama Marceline, mtu asiyependa kuona kazi imeachwa nusu, akaanza kupiga beseni na kulitoa sebene kwa mdomo: “Tingiri-tingi, tingiri-tingi!” Mstari wake ukalidaka, kisha vijana walioegemea ukuta wa pembeni, kisha ua mzima, wengine wakienda kombo kabisa. Adrienne akacheka, akaingiza gitari lake chini ya sauti zile, akaziongoza taratibu mpaka mwisho, akaufunga wimbo mwenyewe kwa pigo moja.

Hervé akaja mbele, mikono kiunoni.

“Uliniita. Bote banasikia.”

“Nilikuita, haukuingia. Ba mama, wimbo inaisha ao haiishi?”

“Inaisha!” ua mzima ukaitika.

Hervé akatazama huku na huku asione wa kumtetea. Akamkabidhi Mama Marceline karanga zilizobaki, akajitwika gitari begani.

Bendi ilikwenda Kolwezi bila Adrienne. Siku hizi, kila aimbapo, hugeuka kwa makusudi na kumwita Hervé, na watu wote huingia.