Mstari Uliopanda kwa Maji

Nesi alimning'iniza mwanangu kwenye mzani, akatazama kadi ya kliniki, akacheka. "Mstari umepanda tena. Mwanao anajua kula, mama. Haya, mwingine."

"Mwingine asubiri," nikasema.

Nikamshusha mtoto, nikamvua soksi, nikambonyeza mguu kwa dole gumba. Shimo likabaki palepale. "Tusubiri wote lijae." Foleni nzima ya kina mama ikasogea kutazama.

Nilikuwa nimeshamwambia nesi: mtoto akiamka macho yamevimba, mkojo kwenye poti una povu kama la sabuni, naomba apimwe. Jibu ni hilohilo, mtoto kanawiri, shukuru Mungu. Hata nyumbani Kibuta, mama mkwe alikuwa anayatembeza yale mashavu kwa majirani. "Mjukuu wangu kaiva kama papai." Mimi niliyekuwa na wasiwasi nikaonekana nina roho mbaya.

Kutoka pale kliniki nikampeleka hospitali, Kibaha. Daktari, mama mtu mzima, alianza na mkojo. Protini tele. Hakunificha: uzito uliosifiwa ni maji yaliyojaa mwilini. Alisema seli za figo hazipumziki kuchuja, na ndani yake mna vinu vidogo vya kutengenezea nishati.

"Mitokondria," nikasema. Biolojia ya kidato cha nne haijanitoka yote.

"Hizohizo. Sasa zipo jeni ambazo kazi yake ni kuziamuru nyingine: ongeza nishati, punguza. Amri ikiharibika, seli inaishiwa nguvu, chujio linavuja. Kwa watoto wachache tatizo linaanzia hapo. Wengi sivyo, dawa zinawatosha. Tumpe dawa, tuone. Zikigoma, tutapeleka damu jeni zikasomwe."

Tuone. Neno hilo ndilo ninaloamka nalo. Nachungulia poti kabla sijamsalimia mtu. Mama mkwe ameshasema, "Kwetu sisi hakuna ugonjwa wa figo," maana yake upo kwetu mimi. Naogopa isije ikawa kweli.

Huku nikisubiri, niliandika malalamiko, nikayapeleka mwenyewe ofisi ya afya ya wilaya, Kisarawe, nikasimama hadi yakagongwa muhuri wa kupokelewa. Niliandika hivi:

"Mwanangu alivimba mbele ya macho yenu, mkaandika kwamba anakua. Niliomba apimwe mkojo, nikanyimwa. Naomba kila mtoto anayeletwa amevimba abonyezwe mguu na apimwe mkojo kabla uzito wake haujasifiwa. Naomba nijibiwe kwa maandishi."