Godoro la Mjukuu Wangu

Nilipoolewa Kichiwa, kitu cha kwanza kilichonishinda kilikuwa harufu. Nyumba ya mama mkwe ilinuka mkojo wa watoto. Mablanketi yalianikwa jikoni, kwenye kamba juu ya moto, maana huku kwetu ukungu ukishuka mwezi wa sita, jua mnalisahau. Mkojo na moshi vinakauka pamoja. Nilikula ugali nimeziba pua kwa khanga. Mama mkwe aliniona akacheka mpaka akakohoa.

"Nyumba inayonukia marashi haina mtoto, mkamwana. Utazoea."

"Mimi? Sizoei ng'o!"

Nilizaa sita. Kufika mtoto wa tatu nilikuwa siisikii tena ile harufu. Kufika wa tano ningeweza kufumba macho, nikavuta blanketi moja kwenye kamba, nikakwambia ni la nani. Nacheka nikikumbuka, lakini ndivyo ilivyo. Kile nilichokiona uchafu wa watu kikawa kazi yangu ya asubuhi, kama kufagia uwanja.

Binti yangu wa mwisho tulimzika mwaka juzi. Aliacha mtoto wa kike wa miaka mitano. Mume wake alikuwa na kazi Makambako, mtoto akabaki kwangu. Alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, ila tangu mazishi akaanza upya. Nilikuwa nalala naye. Tukiamka tumelowa wote, mgongo wangu na tumbo lake, ananiambia, "Bibi, tumekojoa." Nami namjibu, "Ee, tumekojoa, mama. Amka tuanike." Tukaanika ndani, juu ya moto, jirani asione. Mimi ni mwanamke ninayejulikana kwa kulea. Sikutaka mtu aseme mjukuu wangu ana kasoro.

Mwaka huu mwanzoni baba yake akaja kumchukua aanze shule. Mtoto ni wa baba, ningesema nini? Alikuja na mke aliyemwoa karibuni, msichana msafi, kavaa vizuri. Alipoingia jikoni akapeleka leso puani. Nikaujua mkono ule. Ulikuwa mkono wangu mwenyewe wa zamani. Ningecheka kama mama mkwe alivyonicheka, ningemwambia ukweli, yakaisha. Sikucheka. Nilikasirika.

"Mama, kuna kitu kinakauka?" akauliza kwa adabu.

"Ngozi ya mbuzi."

"Na mtoto, mama? Kuna jambo tulijue? Ugonjwa, au chakula asichokula?"

"Hana kasoro yoyote. Nimelea sita, mwanangu, unaniuliza mimi?"

Mtoto alikuwa amesimama pale pale. Alinitazama, kisha akatazama blanketi lake kwenye kamba. Wakaondoka naye.

Nilikaa mwezi mzima. Kisha nikapika togwa, maana hiyo ndiyo anayopenda kuliko soda, nikajaza dumu, nikapanda gari mpaka Lyamkena, pale Makambako. Nyumba yao nilielekezwa, lakini kabla sijafika niliona godoro limeanikwa juu ya ukuta, upande wa barabara, na duara la njano katikati. Nikajua nimefika.

Mtoto alikuwa kakaa kizingitini. Hakunikimbilia. Midomo imepasuka kwa upepo wa Makambako. Nikamimina togwa kwenye kikombe.

"Sina kiu, Bibi."

"Tangu lini togwa inangoja kiu?"

Akashika kikombe, akakiweka chini taratibu. "Siku hizi sinywi mchana. Nikinywa, godoro linaenda ukutani."

Nikakaa chini kando yake. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama yake huyu kwamba yalianza kwenye msiba, kwamba hafanyi makusudi.

"Wewe ulimwambia sina kasoro," akasema. "Nikisema, atajua ulidanganya."

Mtoto wa miaka saba. Alikaa na kiu mwezi mzima kunitunzia heshima yangu.

Mama yake huyo akatoka ndani na beseni la nguo. "Kamwene, mama! Karibu." Sikuitikia vizuri. Nikamwambia yote pale pale: msiba, blanketi, na ile ngozi ya mbuzi ambayo haikuwepo. Akaweka beseni chini.

"Kumbe," akasema. "Mama, namuuliza kila siku, hasemi. Nikajua ananikomoa kwa sababu sikumzaa. Na godoro, jua linapiga pale ukutani tu, ndani halikauki." Macho yakamjaa machozi. "Ungeniambia, mama. Ungeniambia tu."

Nimeishia darasa la nne, lakini kumwambia hakukuhitaji shule.

Akachuchumaa, akachukua kikombe. "Kunywa, mwanangu. Likilowa tutalianika."

Mtoto akamtazama yeye. Si mimi. Alimtazama kwanza usoni, kupata uhakika, ndipo akanywa. Akamaliza, akaomba kingine, na hicho pia alimwomba yeye. Ndicho nilichokuwa nakitaka. Mbona kiliniuma hivyo, sijui.

Nilipoaga walinisindikiza hadi barabarani. Nikapita ukutani, nikaligeuza godoro upande wa pili lipate jua. Mwanamke mmoja mwenye ndoo ya parachichi kichwani akapunguza mwendo, anacheka.

"Bibi, kikojozi ni nani hapo?"

"Mimi," nikasema kwa sauti, majirani wote wasikie. "Nimelala hapa jana. Uzee huu, mwanangu!"

Yule mwanamke akaangua kicheko. Nikamgeukia mjukuu wangu, nikingoja aseme neno letu lile la asubuhi, "tumekojoa," tucheke wote wawili.

Alikuwa ameshika khanga ya mama yake.

"Si Bibi," akamwambia yule mwanamke. "Bibi kwake ni Kichiwa. Ni mimi."