Ruhusa ya Kwenda Nje

Mimi ni mtu wa kinyaa. Simpi mkono mtu niliyemwona akipenga kamasi, sili mahali nzi walipotangulia kula, na kikombe chenye ufa sikitumii hata nikiwa na kiu ya kufa. Lakini kati ya vitu vyote vinavyonitia kichefuchefu, hakuna kinachoyashinda maneno mawili ya Kiingereza: may I. Nikiyasikia tu, pua yangu inanusa mkojo.

Miaka ya tisini nilifanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja katikati ya Nairobi, ghorofa ya juu kabisa, mahali ambapo lifti ilifika ikijisikia. Meneja alituletea mtaalamu wa kutufundisha adabu za simu. Mtaalamu akasema kila simu ijibiwe May I help you, kisha akatutaka tuiimbe pamoja ili ituingie. Wenzangu wakaimba. Mimi nilitoka nikaenda kusimama kwenye ngazi mpaka tumbo likatulia. Waliponifuata kuniuliza kama nina mimba nilikubali, maana kueleza kungechukua siku nzima.

Nieleze sasa, kwa kuwa meneja hayupo.

Nilikuwa darasa la tatu, miaka ya themanini, katika shule moja ya msingi jirani na Ngong Road. Nyumbani kwetu kulikuwa Woodley, kwenye zile nyumba za zamani za kanjo, yaani baraza la jiji. Baba yangu alikuwa karani, kwa hiyo tulijiona watu. Mwalimu wetu wa darasa alijiona zaidi yetu. Alikuwa mwanamke nadhifu wa soksi ndefu na kitambaa cha mkononi kilichopigwa pasi, na alijipaka manukato ya kukaba koo. Chini ya manukato hayo kulikuwa na harufu nyingine, ya yai la kuchemsha. Kila asubuhi alilila yai lake mezani huku sisi tukinakili maneno ya ubaoni, na maganda akayaweka juu ya madaftari yetu. Daftari langu lilirudi mara nyingi likiwa na alama ya vyema na kipande cha ganda.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya choo. Hakuna aliyetoka darasani bila kuomba, na hakuna ombi lililosikilizwa ila liwe la Kiingereza kilichonyooka: May I go out, please. Hiyo may ilikuwa lazima itangulie.

Sisi kwetu kuuliza si kazi. Maneno yanakaa pale pale yalipo, sauti unaipandisha kidogo mwishoni, na mwenye akili anajua ameulizwa. Ukisema naweza kwenda, ni habari. Ukisema naweza kwenda? ni ombi, na hakuna neno lililohama. Kiingereza hakiridhiki na hilo. Kinataka umwondoe mwenyewe, yaani I, mbele ya sentensi, umpeleke nyuma ya hicho kineno kidogo, ndipo kikubali kwamba umeuliza. Sikilaumu, kila lugha ina mambo yake. Ninayemlaumu ni mtu aliyechukua mpangilio huo akaufanya kufuli ya mlango wa choo.

Mtoto akikosea akasema Teacher, I may go out, mwalimu aliinua kichwa taratibu na kutabasamu. Kisha alimjibu kwa Kiingereza chake cha puani: “You have told me. You have not asked me.” Umeniambia, hujaniomba. Halafu akarudi kwenye yai lake. Mtoto alibaki amesimama akibana miguu, akijaribu kupanga maneno upya, na darasa zima likimtazama.

Tena hicho choo chenyewe tulichokiomba kwa adabu zote hizo kilikuwa uchafu mtupu. Maji yalikatika tangu mwanzo wa muhula. Sakafu ilikuwa na dimbwi, na katika dimbwi kulikuwa na karatasi za madaftari, hesabu za watu zikielea na majibu yake. Tuliingia kwa visigino, tumeziba pua. Wengi wetu tuliacha kunywa chai nyumbani asubuhi ili tusifike huko kabisa.

Katikati ya mwaka tuliletewa msichana mpya, akaketishwa kwenye deski langu. Alikuwa ametoka magharibi, kwa nyanya yake, akaja kukaa na wazazi wake karibu na Dagoretti Corner. Baba yake alifanya vibarua, mama yake alisuka nywele Kenyatta Market. Alikuwa mpole, msafi, na hesabu alizijua kunishinda. Lakini Nairobi haikulipenda tumbo lake. Siku za maziwa ya shule ndizo zilimwua kabisa: akiyanywa wakati wa mapumziko, kabla ya somo lililofuata kwisha tumbo lilikuwa linamwongelesha.

Mara ya kwanza alisema vibaya, mwalimu akamwita mbele kumfanya somo. Alimtundika kadi shingoni iliyoandikwa I, akamtundika msichana mwingine MAY, kisha akawashika mabega na kuwabadilisha mahali, huku na huku, mtoto wa watu akiwa amekunja uso kwa maumivu. “Class, who comes first?” Tukaitikia kwa sauti moja kwamba anayetangulia ni May. Mwalimu alifurahi sana. Siku hiyo mwenzangu alifika chooni kwa bahati.

Baada ya hapo tulianza kufanya mazoezi. Tukitoka shuleni nilimsindikiza mpaka karibu na stendi, na njia nzima mimi nilikuwa mwalimu na yeye akiomba. Alisema bila kosa. Alisema akiruka mitaro, alisema na mdomo umejaa miwa, hata akaimba. Niliona amepona.

Hakuwa amepona. Mtu hujua lugha ya kigeni tumbo likiwa tulivu. Tumbo likimshika, anarudi kwenye mpangilio wa kwao. Siku moja ya maziwa nilimsikia akihema kando yangu, nikaona jasho juu ya mdomo wake. Nilimnong’oneza, “May, May, anza na May.” Akasimama. Akasema, “Teacher, I may go out.”

“You have told me,” mwalimu akasema.

“I may, please, Teacher. Please I may.”

“You have not asked me. Sit down and wait for the bell.”

Akaketi. Kengele ilikuwa mbali. Sitaeleza yote, mimi mwenyewe siyawezi, ila itoshe kusema kwamba benchi tulilikalia pamoja. Harufu ilipofika mbele, mwalimu hakumtoa. Alifungua madirisha, akawahamisha waliokuwa karibu, nami nikiwemo, akajifunika pua na kile kitambaa chake cha pasi, akaendelea kutusomesha kuhusu sungura fulani wa Uingereza. Msichana yule alikaa peke yake katika uchafu wake mpaka kengele ikalia, macho kwenye ukurasa, akifuata mistari kwa kidole kama tulivyofundishwa. Nimeona mengi ya kuchukiza Nairobi hii, na hakuna lililoninyong’onyeza kama kile kidole.

Mimi ndiye niliyeambiwa nimpeleke kwa mama yake. Tulitembea mpaka Kenyatta Market, sweta langu limefungwa kiunoni mwake. Pale sokoni moshi wa nyama choma ulikutana na harufu ya nywele zilizochomwa kwa chanuo la moto, nikadhani nitatapika. Mama yake alikuwa amesimama nyuma ya mteja, vidole ndani ya nywele. Alimwangalia mtoto wake kutoka juu hadi chini, kisha akaniangalia mimi.

“Mwalimu wenu alikuwa wapi?”

“Alikuwa ndani ya class, Mama.”

“Akasema nini? Sema vile alisema.”

Nikamwambia yote, mpaka ile ya kungoja kengele. Kwa vile nilikuwa hodari wa kuiga, nilimfanyia hata ile sauti ya puani, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili. Mama hakucheka. Alirudia polepole, “Umeniambia, hujaniomba,” mara moja tu, akaendelea na ule mstari wa nywele mpaka mwisho, akaufunga. Ndipo akamchukua mtoto wake kwenda kumwosha.

Mwenzangu hakuja shule siku iliyofuata. Jioni nilimfuata kwao. Alikuwa ameapa harudi darasani, na baba yake alikuwa amesema basi, asiyetaka shule arudi kwa nyanya yake akachunge mbuzi, nauli atatafuta. Nguo zake zilikuwa zimefungwa kwenye begi kando ya mlango. Mama yake alikuwa ameketi karibu na begi hilo na mtoto mdogo mapajani. Nilirudi Woodley nikilia kwa hasira, na nilimchukia mwalimu yule kwa moyo wangu wote. Bado namchukia, na sioni haja ya kujirekebisha.

Asubuhi iliyofuata mwalimu alikuwa anamenya yai lake mlango ulipobishwa. “Hodi,” mama alisema, na hakungoja kukaribishwa. Aliingia na leso yake ya sokoni, mkono mmoja umemshika binti yake, sare imefuliwa na upindo bado una unyevu. Mkono wa pili ulibeba kitu kilichofunikwa na gazeti.

“Habari ya asubuhi, mwalimu. Nimeleta hii kitu ya mtoto.”

Akakiweka mezani, kati ya yai na rejista, akaondoa gazeti. Ilikuwa poti ya plastiki, ya buluu, ya yule mtoto mdogo wa pale nyumbani. Haikuwa tupu. Mdogo alikuwa ameitumia asubuhi hiyo hiyo, tena kwa bidii.

Darasa likasema “Aaah.” Walioketi mbele walivuta shati juu ya pua. Mwalimu alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ubao.

“Hii ni ya nini?” Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea Kiswahili darasani.

“Ni ya kukaa hapa. Mtoto yangu akishikwa na tumbo, na hiyo Kizungu ikatae kutoka, ataketi hapa karibu na wewe. Amalize, na wewe uendelee kufundisha.”

“Mama, wewe utatoa hiyo kitu kwa meza yangu.”

Mama aliinamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza. “Umeniambia,” akasema. “Hujaniomba.”

Nyuma kuna mtu aliyeanza kucheka, akakimeza kicheko. Mimi nilitazama deski langu. Mwalimu alikuwa ameshika kitambaa chake puani, na juu ya kitambaa macho yake yalikuwa yameanza kulengwa na machozi, sijui ya hasira au ya harufu.

“Nitaita headmaster.”

“Mwite. Hata yeye ako na pua.”

Hakumwita. Nadhani alifikiria jinsi atakavyomweleza mwalimu mkuu ile poti ilifikaje pale, na ilifuatia nini. Nzi mmoja mkubwa wa kijani alitua kwenye ukingo wa poti, akatembea akiuzunguka, akasugua miguu yake, kisha akaruka na kutua juu ya yai lililomenywa. Mwalimu alimwona. Sote tulimwona. Nzi alianza kutembea juu ya lile yai jeupe bila haraka.

“Naomba uitoe, mama,” mwalimu akasema. “Tafadhali.”

“Na mtoto?”

“Akae.”

“Akishikwa?”

“Aende.”

“Na hiyo maneno ya mbele na nyuma?”

“Aende tu, mama. Wote waende tu.”

Mama alilirudisha gazeti juu ya poti, akaibeba vizuri isimwagike. “Asante, mwalimu. Umeona? Hata hatukungoja kengele.” Alimsukuma binti yake taratibu kuelekea deski letu, akatoka.

Jioni ile begi lilifunguliwa, nguo zikarudi kwenye kamba. Lakini hayo nilikuja kuyaona baadaye. Asubuhi hiyo mwalimu alilitupa yai kwenye pipa, akapangusa meza kwa dasta mpaka vumbi la chaki likajaa hewani, na somo likaanza kwa sauti ndogo. Mwenzangu aliketi kwenye benchi letu, ambalo lilikuwa limesuguliwa kwa sabuni ya mche na bado lilinuka kidogo. Nilikaa karibu naye kwa shida. Sitadanganya, kinyaa changu hakikuniacha siku ile, na mkono mmoja niliuweka puani nikijifanya nafikiri.

Kabla ya mapumziko alisimama. Hakusema kitu, si kwa Kiingereza wala kwa lugha nyingine. Darasa zima tuligeuka kumtazama mwalimu, na mwalimu akageuka kuutazama ubao, akaandika neno ambalo lilikuwa tayari limeandikwa. Msichana yule alipita kati ya madeski, akafungua mlango, akatoka nje. Alirudi baada ya kitambo kifupi, akaketi, akafungua kitabu.

Nilimwinamia nikamwuliza kama tumbo limemshika tena.

“Hapana,” akaninong’oneza. “Sikuwa na haja. Nilienda tu kusimama huko nje.”