Vichaka vya Kahawia

Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025. Bunda kuliamka na baridi kidogo, kisha jua likawaka na upepo wa vumbi ukavuma kutoka upande wa ziwa. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki nyingi.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Esta, fundi cherehani wa Kabasa, alifungua gemu kwenye simu, akaangalia ghala la mji wake, akaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja: magunia kumi na sita ya ngano. Yalitakiwa kuwa ishirini na mawili.

Gemu yenyewe ni ya kujenga miji kwa zamu. Wachezaji ni wanne, wawili wawili, na kila mtu ana zamu moja kwa siku. Saa mbili asubuhi siku hufungwa: watu wa mji wanakula, mashamba yanaleta kilichopatikana. Mwezi huo gemu ilikuwa kwenye kiangazi. Watu wa Esta walikuwa wakila magunia manane kwa siku, mashamba yakileta mawili. Upungufu ulipaswa kuwa sita. Alhamisi alikuwa na arobaini, Ijumaa akakuta ishirini na nane, leo kumi na sita. Yaani magunia mengine sita yalikuwa yanapotea kila siku, na mvua ya gemu ilikuwa bado siku tatu.

Esta alizaliwa Kibara, kwenye nyumba ya mihogo na dagaa, na tangu utotoni alijua debe linashuka kwa vidole vingapi kwa siku. Ni mtu wa kuangalia. Kila jioni hufunga fundo kwenye ncha ya kila roli la uzi wa kushonea, ili akirudi kesho ajue kama kuna aliyeutumia. Na kwenye mji wake wa gemu aliweza kuingia mtu mmoja tu, mshirika wake, kwa sababu walifunguliana malango. Huyo alikuwa shemeji yake, Mniko, mdogo wa mumewe, anayeuza mabati Musoma mjini.

Alirudia hesabu mara tatu. Akapitisha macho kwenye ramani, nyumba kwa nyumba. Hakuona mwizi. Kando ya mto kulikuwa na vichaka vya kahawia ambavyo ukame ulikuwa umevikausha, basi.

Alimwonyesha Robi, jirani anayeuza vitenge, ujumbe ambao Mniko alikuwa amemtumia ndani ya gemu Jumatano: "Shemeji, majani yapo huko kwako?" Robi aliusoma mara mbili.

"Muuza mabati ana shida gani na majani?" aliuliza. "Huyo anakupima, dada. Anataka kujua umebakiza nini."

Maneno hayo yalimkaa Esta moyoni. Alikumbuka kwamba Mniko hachezagi mapema. Husubiri Esta amalize ndipo aingie. Alikumbuka pia kwamba mji wa Mniko ulikuwa unashiba. Pembeni mwa skrini kulikuwa na kitufe cha kuvunja ushirika. Ukikibonyeza hakuna kurudi nyuma: Esta angekosa mbao za Mniko, Mniko angebaki peke yake mbele ya wapinzani wawili, na miji waliyoijenga kwa miezi mitatu ingeanguka. Asipokibonyeza, ghala lingeisha kesho kutwa. Aliweka kidole juu yake, akakiondoa, akashona sketi mbili za shule, akarudi kukitazama.

Saa kumi jioni alimpigia Mniko simu. Hakutaja ngano. Aliuliza habari za dukani, za mafua ya mtoto, kisha akauliza kama kuna kitu chochote alichokiacha kwenye mji wa Esta.

"Si ng'ombe zangu?" Mniko alisema. "Nimekuwekea kumi na mbili tangu Alhamisi. Hujaziona hapo mtoni?"

Esta alitoa simu sikioni akaangalia ramani. Vile vichaka vilikuwa na pembe.

Mniko alieleza bila haraka, kama mtu anayesema jambo ambalo kila mtu analijua. Baba yake, kule Butiama, hakuwahi kulaza ng'ombe wote kwenye zizi moja. Ugonjwa ukiingia au wezi wakija, wengine wanabaki kwa rafiki, na rafiki anakunywa maziwa. Hakuandika wazi kwa sababu ujumbe wa kwenye gemu husomwa na wote wanne. Ndiyo maana aliuliza majani tu.

"Mniko, hii gemu haina maziwa," Esta alisema. "Zinakula ngano. Nusu gunia kila moja."

Mniko aliuliza: "Haina kabisa?"

"Haina. Naomba nichinje sita."

"Chinja," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Ila mitamba uiache."

"Zote zinafanana, shemeji."

"Basi angalia vizuri."

Jumapili saa moja asubuhi, kabla ya siku ya gemu kufungwa na kabla ya ibada, Esta alichinja sita. Nyama ikaingia ghalani, chakula cha magunia kumi na nane. Akakokotoa hadi siku ya mvua: yangebaki saba. Kwenye daftari, chini ya vipimo vya mtu, aliandika "ng'ombe za shemeji, 6", akahesabu pembe kwenye ramani, akahesabu tena. Kisha akamaliza zamu yake, lango la upande wa Mniko likiwa wazi, akavaa viatu vya kanisani.