Kigego Kifuani kwa Mama

Nilipokuwa mtoto kule Milola, mtoto mchanga akianza kudondosha udenda, wanawake walimfungua kinywa na kumtazama ufizi. Meno ya chini yakitangulia, watu walicheka na kushusha pumzi. Ya juu yakitangulia, mtoto huyo aliitwa kigego, na nyumba aliyomo ilisemekana imeshakifungulia kifo mlango. Zamani vigego walitupwa porini. Wakati wangu hakuna aliyelisema hilo kwa sauti, lakini hakuna aliyelisahau.

Jirani yetu Somoe alikuwa na binti, Zuhura, ambaye hata kutambaa alikuwa hajakujua vizuri. Meno ya juu yalipochomoza, mumewe alimwambia achague: ndoa au mtoto. Jioni moja Somoe aliingia uani kwetu, amemfunika mwanawe gubigubi kwa kanga.

"Dada Veronika," alimwambia mama, "nikirudi naye naachwa. Na kwetu pia wamemkataa."

Mama alikuwa akimnyonyesha mdogo wangu, Yohana. Kisha akanikabidhi Yohana, akanyoosha mikono.

"Mlete."

Bibi, mama yake baba, aliishi nasi. Alikuwa Mkristo, amebatizwa tangu usichana wake kule juu Umakondeni, na rozari haikutoka shingoni mwake. Hata hivyo aliinuka akaingia ndani. Baba aliporudi, alimwita.

"Mwanangu, kigego akiingia, mwenye nyumba hutoka. Usije ukasema sikukwambia."

Baba alimtazama mama. Mama akasema, "Kila Jumapili tunasema tunampenda Mungu kwa moyo wote. Huyu kaja Jumanne. Tufanyeje?"

Baba akacheka kidogo, na shauri likaishia hapo.

Miaka ile biashara ya korosho ilikuwa imefunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na baba alipata kibarua cha kupakia magunia kwenye malori yaliyokwenda Lindi. Msimu ulikuwa haujaisha lori moja lilipofeli breki kwenye mteremko. Baba alikuwa juu ya magunia.

Wakati wa matanga nyumba ilijaa watu, lakini wanawake walikaa mbali na mkeka wa mama, kwa kuwa Zuhura alikuwa mapajani mwake. Bibi akasimama mbele ya wote. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mzazi aliyetoka kumzika mwanawe.

"Mkamwana wangu, nilisema. Sasa mtoe mtoto huyu kabla hajatumaliza."

"Mama, lori lilifeli breki."

"Na aliyezifelisha unamjua?"

Zuhura alikuwa akilia kwa njaa. Mama akalegeza kanga, akampa ziwa mbele ya macho ya watu wote wale, na meno yale yakashika. Nilimwona akikunja uso kwa maumivu. Hakumtoa.

Nami nilimwogopa mtoto yule. Siku chache baadaye, tukiwa wawili kwenye kinu, nilimwuliza mama, "Ni kweli Zuhura ndiye aliyemuua baba?"

Nilitaka aniambie si kweli, basi. Aliweka mchi chini.

"Mimi siamini, mwanangu. Lakini hofu hunijia, naogopa kumpoteza na Yohana. Namwomba Mungu aiondoe, haiondoki. Basi naamka nayo, namnyonyesha nayo. Nikimtupa huyu, nitapiga magoti wapi tena?"

Bibi alihamia kwa baba mdogo kule Mitwero, wala hakulala tena chini ya paa letu mpaka alipofariki. Mama alimpelekea unga na mboga kila alipopata usafiri, na alipougua, mama ndiye aliyekwenda kumwogesha. Sijui kama walizungumza lolote juu ya Zuhura. Somoe alihama na mumewe, hakurudi. Zuhura akakulia kwetu. Alipofika umri, mama alimpeleka madrasa, maana alisema mtoto amekuja na dini ya wazazi wake na yeye hana ruhusa ya kumnyang'anya. Wapo waliomnong'ona kanisani kwa hilo pia. Leo Zuhura ana watoto wake mjini Lindi, na Yohana yu mzima, anaendesha bodaboda.

Nimesikia mahubiri mengi tangu hapo juu ya kumpenda Mungu kwa moyo wote. Kwa miaka mingi nilidhani moyo wa namna hiyo ni ule usio na shaka wala woga. Wa mama ulikuwa na hofu. Ulikuwa na kilio cha mjane, na uchungu juu ya mkwe ambaye yeye hakuacha kumwita "mama". Moyo huo ndio aliokuwa nao, na huo wote alimpa Mungu, alfajiri baada ya alfajiri, kwa kumnyanyua mtoto wa jirani aliyekuwa akilia na kumweka kifuani.