Askari wa Tatu Kutoka Kushoto

Juzi sokoni Masasi, muuza makorokoro alinitandazia tena kadi za picha za wakati wa vita. Ananijua; huniwekea. Nina kopo zima la biskuti lililojaa keya, kama tulivyowaita askari wetu: wengine melini, wengine juu ya magogo, wengine wanacheka na watoto wa Burma. Lakini miaka yote hii, rafiki yangu, nilikuwa natafuta kadi moja tu. Juzi nikaiona.

Ya kwanza ilikuwa ukutani kwa bibi, Kitangari, imebandikwa kwa uji wa muhogo. Askari sita kwenye mstari, bunduki begani. Bibi akipanda kutoka bondeni na maji, mgongo umelowa, kabla hajatua debe alimsalimu wa tatu kutoka kushoto: "Yohana, umeamkaje?" Yohana alikuwa mjomba wangu, mwanawe wa pekee wa kiume. Mwalimu wa misheni alikuwa amemsomea maneno ya nyuma: mimi mzima, salamu kwa wote. Basi bibi akajua. Mtu akituma picha, si ametuma sura yake?

Kisha jirani yetu naye akapokea kadi ile ile, kutoka kwa mwanawe Hamisi aliyeondoka pamoja na mjomba.

"Huyu Hamisi wangu," akasema, kidole juu ya yule yule wa tatu. "Tazama masikio."

"Mama Hamisi, masikio hayo hata mbuzi wako anayo. Huyo Yohana."

"Chale zake ziko wapi?"

"Kofia imezifunika. Za Hamisi je, umeziona?"

Walicheka, kicheko kikawakaukia mdomoni. Miezi ikapita, hakuna kadi nyingine nyumba hii wala ile. Wakaacha kwenda bondeni pamoja. Asubuhi nilisikia vinu viwili vikitwanga muhogo kwa hasira, kimoja kikijibu kingine. Kila mmoja aliona mwenzake anamnyang'anya mtoto aliye hai.

Vita vikaisha. Jioni moja ya msimu wa korosho, Hamisi alitokea njiani na mfuko wa turubai begani. Mama yake akapiga vigelegele, kuku akachinjwa. Bibi akaibandua kadi, udongo wa ukuta ukamegeka nayo, akatoka. Nikamfuata.

"Shikamoo, mama," Hamisi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu nani?"

Aliipokea kadi, akaiinamia. "Simjui, mama. Kadi hizi ziliuzwa kambini. Mimi na Yohana tulinunua siku moja."

"Na Yohana?"

Hamisi akavua kofia.

Vigelegele vilikatika. Jirani aliepua chungu cha kuku, akamwagia moto maji, akaja kuketi chini, bega kwa bega na bibi. Bado naisikia harufu ya majivu yale mabichi.

Baada ya matanga nilidhani bibi ataichoma kadi. Alikoroga uji wa muhogo, akairudisha pale pale. "Na huyu ana mamake," alisema. Kisha akachukua debe. Jirani alikuwa anamsubiri mlangoni.

Wote wawili wameshazikwa, na nyumba ilianguka kwa mvua, kadi ikiwa ndani. Hii ya juzi haijapigwa na moshi. Niliisogeza juani. Chini ya kofia, paji la uso ni laini, halina chale hata moja. Kijana wa mbali, ambaye hakuwahi kuonja maji ya bonde letu.

"Ndugu yako?" muuzaji aliniuliza.

"Wa nyumbani kwetu," nikamjibu.