Ng'ombe wa Mvumi Waliohesabiwa Mara Mbili

Mwaka mvua zilipokatika mtama ukiwa bado kimo cha goti, boma la Dodoma lilikuwa na makarani wenyeji wawili: mimi na mwenzangu wa Mvumi. Mimi nilizaliwa Mpwapwa, katika nyumba ya wachuuzi waliokuja na misafara, nikajifunza kuandika pwani. Yeye alitoka zizini kwa baba yake, akafundishwa na wamisheni. Nilimtangulia kazini kwa miaka miwili. Nalisema hili mapema kwa sababu wakati ule nililisema kila siku, moyoni.

Mshahara wetu ulikuwa sawa. Kilichoniuma ni namna Bwana Mkubwa, yule Mjerumani wa boma, alivyozisoma karatasi zake. Zangu alizitazama chini, penye jumla, akagonga muhuri. Zake alizisoma zote, polepole, kidole kikifuata mistari. Mwenzangu alikuwa na desturi yake: alichokiona kwa macho alikiandika kwa wino, alichoambiwa alikiandika kwa kalamu ya risasi, na mwishoni aliandika asichokijua. Mtu mzima anaandika asichokijua! Mimi niliona ni kujitangazia ujinga. Kumbe Bwana Mkubwa alianza kusoma hapo hapo.

Boma lilitaka kujua kila upande ungejikimu miezi mingapi kwa kuuza ng'ombe na kununua nafaka. Upande usioweza kufika mavuno ungepewa mtama uliokuwa ukija kwa gari la moshi kutoka pwani. Magunia hayakutosha kila mahali, kwa hiyo makisio ya karani ndiyo yangeamua nani ale. Mwenzangu alitumwa Msalato, mimi nikatumwa Mvumi.

Nilifanya kwa utaratibu. Kila alfajiri nilisimama langoni mwa zizi kabla mifugo haijatoka, nikahesabu. Kisha nikamwuliza mwenye nyumba kama ana wengine kwingineko, nikajumlisha. Nilimwona hata mama yake mwenzangu. Alinipa maziwa ya mgando, huku mkono wake mwingine ukikwangua ndani kabisa ya kilindo, lile pipa la magome la kuwekea nafaka, na sauti ya mkwanguo ule niliisikia vizuri. Lakini sikuwa nimetumwa kuandika sauti. Jumla yangu ilisema Mvumi wangefika mavuno bila msaada.

Bwana Mkubwa aliisifu hati yangu, halafu akampa mwenzangu aikague. Ya Msalato alikuwa amekwisha kuigonga muhuri bila kuniuliza chochote.

Siku ya tatu mwenzangu alikuja nyumbani kwangu baada ya swala ya alasiri, akaketi barazani, karatasi yangu mkononi.

"Ndugu yangu, hawa kumi na wawili wa jumbe uliwaona wapi?"

"Zizini kwake. Kwa macho yangu."

"Na yule mzee wa ng'ambo ya korongo?"

"Ana watatu. Akasema na wengine kumi na wawili wako kwa rafiki yake."

"Rafiki yake nani?"

Nikalitafuta jina kwenye karatasi. Sikuwa nimeliandika.

"Basi kwa karatasi yako," akasema, "kila ng'ombe wa Mvumi ana miguu minane."

Hakucheka, lakini mimi niliisikia kama kicheko. Mgogo hafugi ng'ombe wake wote zizi moja. Huwatawanya kwa marafiki, ili ugonjwa au ukame usimmalize kwa siku moja. Anayewatunza hunywa maziwa, wala hamtangazii mgeni kwamba si wake. Nimekaa na Wagogo tangu utotoni, nikayasahau hayo mbele ya lango la zizi.

"Mbona hukumpelekea Bwana Mkubwa?" nikamwuliza.

"Jina lililo chini ni lako. Mimi natakiwa kuandika kwamba nimeikagua na ni sahihi. Siwezi. Irekebishe mwenyewe kabla gari la moshi halijafika."

Angenishtaki, ningemchukia kwa raha. Hakunipa hata hilo.

Jumatatu nilipanda bomani, na sikwenda kurekebisha kitu. Nilikuwa nimepata silaha.

"Bwana Mkubwa," nikasema, "anayekagua karatasi yangu ni mtu wa Mvumi. Mama yake yuko kule. Atataka magunia yaende kwao."

Hakuinua kichwa. "Aliniambia kabla sijakutuma wewe. Ndiyo sababu nilikutuma wewe. Akaniambia tena nilipompa karatasi yako. Lakini makarani ninao wawili tu. Je, amekosea?"

Ningesema amekosea, ni watu wa Mvumi ambao wangelala njaa. Yule mama na kilindo chake alikuwa mmoja wao.

"Hajakosea," nikasema. "Nimewahesabu mara mbili. Nipe ruhusa nirudi."

Nilirudi Mvumi kwa miguu. Jumbe aliponiona alipaza sauti: "Karani wa Mpwapwa! Safari ile ulihesabu mikia. Leo utahesabu nini?"

"Wenye ng'ombe, jumbe."

"Haya, kaa chini. Hiyo ndiyo kazi."

Nikakaa. Kila ng'ombe niliuliza ni wa nani, na kila jina nikalifuata hadi mlangoni kwake. Jumla ilishuka karibu nusu. Safari hii niliandika pia nyumba tatu ambazo sikufika, na kalamu ilikuwa nzito kwelikweli.

Magunia ya Mvumi yaliposhushwa stesheni, Bwana Mkubwa alisema mbele ya akida na askari kwamba karani wake mkubwa aligundua kosa lake mwenyewe na kurudi kulisahihisha. Akamgeukia mwenzangu: "Si ndivyo?"

Nilimtazama. Neno moja tu lingetosha kuniaibisha, na lingekuwa la kweli.

"Alirudi mwenyewe, Bwana Mkubwa," akasema. "Nimeikagua. Ni sahihi."

Akainama kusaidia kufunga mizigo ya wapagazi, mwenye furaha kabisa, kana kwamba sifa ile haikumpita yeye. Mama yake alipata kibaba sawa na jirani zake. Mimi nilisimama pale nikipewa mikono, nikimwonea wivu hata kwa furaha ile. Nilitamani aseme angalau mara moja kwamba ni yeye aliyeona. Tulifanya kazi pamoja mpaka vita vikatutawanya, na hakusema. Sijamsamehe sawasawa mpaka leo.